Kelele Zilifika Mhezi, Gari Likabaki Chini

Wenzangu wa meza za tangawizi, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu vipande vipande. Mmesikia kwamba Namkunda, yule asiyeongea, alisimama makaburini siku ya kumzika kaka yake akamkata kauli baba yake mdogo mbele ya mchungaji. Ni kweli, nilifanya hivyo. Naandika yote mara moja ili nisirudie, maana nikisimulia kwa mdomo hasira inapanda na mteja anaondoka. Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia.

Kuna jambo moja lazima mlijue kwanza. Baba yetu alipofariki, barabara ya gari kufika kwetu Mhezi haikuwapo. Alipandishwa mlimani kwa mabega, mvua inanyesha, na kwenye mteremko mmoja wabebaji waliteleza jeneza likabingirika hadi kwenye migomba ya watu. Kaka yangu Elihuruma alikuwa ameshika mti wa kubebea, upande wa nyuma. Alikuwa kijana tu. Tangu siku hiyo alisema hakuna mtu wa kwetu atakayebebwa tena kama mzigo wa kuni.

Eli alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe. Mlimwona mara chache akija kunisalimia pale mezani, mikono imepasuka kwa saruji. Kila mwaka alipokwenda nyumbani mapumziko hayakuwa mapumziko. Alikwenda kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji ya pamoja, ambayo kwetu Upare haina mshahara wala ubishi: ukiitwa unatoka na jembe lako. Wenzake walichimba barabara, yeye akajenga ukuta wa mawe kwenye kona mbaya kuliko zote, ile ambayo udongo ulikuwa unashuka nayo kila masika. Ukuta ukashika. Kona ikaitwa Kona ya Fundi, na hadi leo ndilo jina lake.

Kwa hiyo alipofariki huku Dar, mama hakuomba maua wala video. Aliniambia kwenye simu neno moja: "Mleteni kwa gari, apite kwenye kona yake."

Mbagala hadi Segera

Gari lilitolewa na tajiri mmoja aliyekuwa akimpa Eli kazi za kujenga. Alitoa kwa moyo safi, sina neno naye. Ilikuwa Kanta, lori dogo la zamani lakini limepakwa rangi vizuri.

Tulilisikia kabla ya kuliona. Tulikuwa tumekaa kwenye turubai tunaimba wimbo wa pili, mara mngurumo ukatoka mtaa wa nyuma, vikombe vikatetemeka kwenye sinia. Tuliacha kuimba kwa sababu hatukusikiana. Akashuka kijana mwembamba, miwani kichwani, jina lake Chidi.

"Poleni wafiwa," akasema. Akamwona shangazi yangu Ruthi, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu katika safari. "Shikamoo bibi. Usiwe na wasiwasi na mlima. Hii inavuta hatari!"

"Marahaba. Nani anavuta?" Shangazi ni Msabato. Hajawahi kukaa karibu na sigara maisha yake yote.

"Gari, bibi."

"Gari livute nini? Wewe ndiye unayevuta."

"Sivuti, bibi, kwa haki ya Mungu. Gari ndiyo inavuta. Mlima haioni."

"Mbona unanuka moshi?"

Kijana akacheka, akamwonyesha bomba la moshi. Na mimi nikaliona. Lilikuwa jipya, nene kama paja la mtu, limetolewa chini ya gari likapandishwa wima nyuma ya kichwa cha gari, linang'aa. Sailensa ilikuwa imeondolewa kabisa. Alieleza bila kuulizwa kwamba aliliweka mwenyewe kwa ruhusa ya tajiri, kwamba lile bomba la kiwandani ni jembamba na linabana. "Mashine lazima ipumue, mama," akaniambia. "Ikipumua ndiyo nguvu inatoka. We sikiliza tu mlio."

Kaka yangu alikufa kwa kifua. Siku za mwisho alikuwa akivuta hewa kwa mabega, mkono umeshika kitanda. Yule kijana hakulijua hilo, na sikumwambia. Lakini neno lile la kupumua lilinikaa.

Tuliondoka alfajiri. Wanaume wanne wa ukoo walikaa nyuma na jeneza, pamoja na mifuko ya saruji ya kaburi na mchele wa kuwapikia watu. Mimi na shangazi tulikaa mbele. Tulikuwa tumepanga kuimba njia nzima, kama tunavyofanya. Hatukuimba hata ubeti. Hadi Chalinze nilikuwa nimeacha hata kuomba kimoyomoyo, maana kelele ile inaingia mpaka mahali unapofikiria.

Segera tulisimama kula. Masikio ya shangazi yalikuwa yameziba, kwa hiyo akamwita mama wa chakula kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde: "WALI NA MAHARAGE! BILA NYAMA!"

Yule mama akaweka mwiko chini. "Bibi, shikamoo. Nimekukosea nini?"

"NINI?"

"Mbona unanigombeza?"

Nikamweleza kwamba hagombezi, ni gari. Akatazama nje, akaona bomba, akaona na kitambaa cheusi tulichofunga mbele. Akatikisa kichwa. "Na hilo ndilo limebeba msiba?" Akatuongezea maharage, akakataa kumpa Chidi pilipili. Hiyo ilikuwa adhabu yake, na mimi niliifurahia zaidi ya inavyofaa.

Mombo, Hedaru, Makanya

Kwenye lami, kusema kweli, gari lilikwenda. Siwezi kudanganya. Likishapata mwendo lilikwenda vizuri, na Chidi alikuwa akilikanyaga huku akinitazama kwa jicho la pembeni nimsifu.

Pale Mombo, penye njia ya kwenda Lushoto, akanionyesha mlima kwa kidevu. "Hapo juu, mama, mwaka jana nilikuwa napandisha matofali na hiihii gari. Gia namba moja, inapanda inanong'ona tu, hata huisikii."

"Na bomba hili?"

"Hapana, kabla ya hili. Hili nimeweka majuzi. Huko sijarudi tena, lakini sasa hivi si ndiyo ingeruka!"

Nililiweka neno hilo. Mimi si fundi, ila nimeuza tangawizi miaka mingi na najua kusikia mtu anaposema jambo bila kujua amesema nini.

Hedaru bomba lilikatika kishikio. Likaanza kugonga nyuma ya vichwa vyetu. Tukasimama juani mbele ya maduka, Chidi akatafuta waya, bomba la moto halishikiki, tukangoja lipoe. Lilichukua muda mrefu kuliko chakula cha Segera. Na mashine hakuizima, alisema anasikiliza kama inavuja.

Mwenye duka moja, mzee wa Kiislamu, kofia nyeupe, alitoka. Alitusalimia, akauliza msiba ni wa nani, akasema maneno ya pole ambayo sikuyasikia ila niliona midomo yake. Kisha akarudi akafunga mlango mmoja wa duka lake, kama wafanyavyo wafanyabiashara maiti ikipita. Alipotoka tena alimwendea Chidi, akanyoosha mkono ndani ya dirisha, akazima gari mwenyewe akautoa ufunguo.

"Mzee vipi?" Chidi akaruka.

"Umebeba nini humo?"

"Msiba, mzee."

"Basi mpe heshima yake. Funga waya wako kimya."

Akakaa na ufunguo mfukoni hadi waya ulipokaza. Sikumjua jina. Mtu huyo ndiye aliyenipa ukimya wa kwanza wa kumlilia kaka yangu, na niliutumia wote.

Same

Tulilala Same. Jeneza lilihifadhiwa hospitali, sisi tukapata nafasi kwa ndugu wa shangazi. Asubuhi tukanywa chai kwenye mgahawa karibu na stendi, na kulikuwa na makande ya jana yaliyopashwa. Kwetu makande ya jana ndiyo makande. Ilikuwa mara ya kwanza chakula kushuka.

Meza ya pili alikaa dereva wa makamo, wanamwita Baba Neema, anashusha tangawizi kutoka milimani. Gari lake lilikuwa limejaa linaelekea Dar. Alikuwa ametuona tukiingia mjini, maana nani hakutuona. Akamwuliza Chidi kwa utani:

"Kijana, unakwenda mlimani na hiyo tarumbeta?"

"Mhezi, mkuu."

"Mashine ina tabo?"

"Haina. Lakini inapumua freshi."

Baba Neema akacheka hadi chai ikamwagika. "Hata mimi yangu nilitaka ipumue. Nilikuwa na Kanta kama hiyo. Nikaona vijana wameweka bomba kubwa, nami nikaweka. Kwenye lami tamu! Siku ya kwanza kupanda, kelele zilifika Mhezi, gari likabaki chini."

Wote mgahawani walicheka, hata mimi. Kisha akaacha utani, akanigeukia. Alisema hivi, nami nanukuu nilivyoelewa. Mashine ndogo isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, ikiwa na bomba la saizi yake, moshi unatoka kwa kasi na kuuvuta moshi unaofuata, ndiyo maana hata ikizunguka polepole ina nguvu. Ukiipa bomba pana kupita kiasi moshi unapoa na kuzubaa humo ndani. Nguvu haiji mpaka ukanyage mafuta izunguke haraka sana. Barabara ya lami inakuruhusu kwenda haraka. Kona za mlimani hazikuruhusu. Unaingia polepole, unataka nguvu ya chini, na ya chini hakuna.

"Kuna fundi hapo nyuma ana bomba la zamani na sailensa yake," akasema. "Mkianza sasa, jua likifika utosini mmemaliza. Lako unaliweka nyuma, ukirudi Dar unalifunga tena uwapigie wasichana kelele."

Watu wakacheka tena, na hapo ndipo ilipoharibika. Chidi alikuwa amechekwa mara mbili.

"Mkuu, wewe mambo yako ya kizamani," akasema akisimama. "Mama, nimekwambia inavuta au sijakwambia?"

Nikamwambia shangazi tungoje. Lakini shangazi alikuwa na simu mkononi, na kwenye simu alikuwa baba yetu mdogo Zakaria, anasema mchungaji ana mazishi mengine jioni, kaburi liko tayari, watu wameshakusanyika, tuko wapi? Shangazi akasema twende. Kwetu aliye mkubwa akisema twende, mnakwenda.

Kutoka Same hadi Kona ya Fundi

Nilihamia nyuma na jeneza. Nilitaka tu kuwa naye.

Lami iliisha, vumbi likaanza, kisha mlima. Kwenye kijiji cha chini Chidi akawa anakanyaga mafuta mno ili asipoteze mwendo, na mngurumo ukajaa bonde lote. Vijana wakatoka mbio. Mmoja alikuwa na filimbi. Walidhani ni gari la mashabiki wa mpira, au la harusi, sijui. Walikimbia pembeni wanaruka, wanapiga makofi.

"Dereva piga resi! Piga resi tena!"

Na Chidi akapiga.

Wenzangu, sikuwahi kuona kitu kama hicho na sitaki kuona tena. Kaka yangu yuko kwenye sanduku, mimi nimelikumbatia, na watoto wa watu wanamchezea ngoma. Mmoja wao alidandia nyuma, akachungulia, akaniona. Akaona jeneza. Uso wake ulibadilika akaachia mikono, akaanguka vumbini, akabaki ameketi ameshika kichwa. Yule hakuwa na kosa. Aliambiwa na bomba kwamba tuna sherehe.

Kona mbili za kwanza tulipita kwa shida. Ya tatu ilikuwa Kona ya Fundi.

Nimeipita kona ile mara nyingi kwa magari ya tangawizi yaliyochoka kuliko Kanta ile. Unaingia taratibu, inakunja kama kiwiko, halafu inapanda. Chidi aliingia taratibu, kwa gia namba moja, na pale gari lilipotakiwa kuvuta, likatetemeka likazima. Wanaume wawili wakaruka kuweka mawe nyuma ya matairi. Akawasha, akapiga resi, likanguruma mpaka ndege wakaondoka kwenye miti, akaachia klachi, likasogea hatua moja likazima. Harufu ya klachi ikaanza. Wanaume wote wakashuka. Likazima. Nikashuka na mimi. Likazima.

"Nataka nirudi nyuma nije na spidi," akasema.

"Na jeneza?"

"Litashikwa, mama."

Alirudi nyuma, akaja kwa kasi kama anakimbizwa. Kona ile haitaki kasi. Ilibidi akate usukani ghafla, na tulisikia sanduku likiteleza likagonga ubao wa pembeni. Mlio wake ulikuwa mdogo, lakini niliusikia juu ya mngurumo wote. Gari likazima palepale lilipozima mwanzo.

Nilikwenda nikapiga mlango wake kwa kiganja. "Usirudie," nikamwambia. "Ukirudia nitalala mbele ya gari."

Shangazi alikuwa amesimama kando, ameshika ukuta wa Eli. Uso wake ulikuwa umepauka. Akasema kwa Kipare, kwa sauti ya chini, kisha akarudia kwa Kiswahili kana kwamba anataka mimi nikubali:

"Kwenye kona yake mwenyewe, Namkunda. Amegoma. Ana neno na mtu wa nyumbani."

Mnajua maneno hayo yana maana gani. Maiti ikigoma njiani, watu wanatafuta aliyemkosea. Na nyumbani kulikuwa na nani? Mama.

Kona ya Fundi hadi nyumbani

Mmoja wa wanaume wetu alimpigia baba mdogo Zakaria. Mtandao kule unakatika. Alichosema ni "gari limekwama Kona ya Fundi," basi. Kule juu hawakuuliza zaidi. Kwetu gari likikwama, kosa ni la barabara. Haijawahi kuwa vingine tangu barabara ianze kuchimbwa. Kwa hiyo msiba mzima ukawa msaragambo.

Tuliwaona wakishuka, wanaume kwa wanawake, wengine na suti za kanisani, na kila mmoja na jembe, sururu, chepeo, panga. Wazee wawili walikuwa na karai la kokoto. Wamekuja kumtengenezea njia. Nililia pale mbele ya wote.

Walifika wakatupa pole, kisha wakaanza kutafuta shimo. Walitazama chini ya matairi. Walitazama mfereji. Kijana mmoja akapiga ukuta kwa sururu, ukalia ngumu.

"Sasa barabara ina shida gani?" akauliza.

"Haina," nikasema. "Barabara ni nzima. Gari ndilo halina nguvu."

"Gari? Mbona tumelisikia tangu liko bondeni? Gari lenye mlio ule likose nguvu?"

Baba mdogo Zakaria alizunguka gari. Ni mzee wa usharika, mtu wa maneno machache yanayosikilizwa. Akatazama ukuta, akatazama barabara, akatazama jeneza.

"Kama barabara ni nzima," akasema, "na gari linanguruma hivi, basi aliyegoma ni yeye."

Shangazi akaitikia. Nikamgeukia Chidi, maana yeye ndiye aliyejua. Alikuwa amekaa mezani Same. Alikuwa ameniambia mwenyewe habari za Lushoto.

"Chidi, waeleze."

Akafuta jasho. Aliwatazama wazee, akaona njia imefunguka mbele yake.

"Kwa kweli wazee wangu," akasema, "hii gari haijawahi kugoma. Ni leo tu."

Hapo ndipo ilipo hasira yangu yote, wenzangu. Bomba mtu anaweza kulikosea, Baba Neema naye alikosea, akacheka, akarudisha la zamani. Ila kumwachia marehemu kosa lako kwa sababu hawezi kujibu! Nikaeleza mimi. Nikaeleza bomba, moshi, nguvu ya chini. Lakini mnanijua, nikikasirika maneno yanagongana, na nilikuwa naeleza mambo ya mashine kwa watu waliovaa nguo za msiba. Baba mdogo akanishika bega. "Pole, mwanangu. Tutamwombea aturuhusu."

Wakakata mikaratusi miwili kwa yale mapanga ya barabara. Wakafunga jeneza kwa kamba. Wakamwinua kaka yangu mabegani, kwenye barabara aliyoijenga ili asibebwe, wakaanza kupanda. Majembe tuliyaegemeza kwenye ukuta wake.

Chidi alishika mti wa mbele. Alibeba kipande kirefu kuliko wengi na viatu vyake vilichubuka. Nasema hilo kwa sababu ni kweli. Lakini kubeba si kusema. Karibu na nyumbani baba mdogo alimrudisha akajaribu tena, angalau alete saruji na mchele.

Nyumbani

Habari zilitutangulia. Shangazi aliingia kwanza kwa mama, na mimi nilipofika mlangoni nilijua kwa uso wa wanawake kwamba ameshasema.

Mama haoni vizuri siku hizi, anaona kivuli na mwanga. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Wakaweka jeneza mbele yake wakalifungua usoni. Akanyoosha mkono, lakini haukufika. Ulibaki hewani.

"Ruthi anasema amegoma," akasema. "Namkunda, uko hapo? Mwanangu amenigomea mimi?"

"Hapana, mama."

"Alikuwa na neno na mimi, hakuniambia?"

"Hapana, mama. Ni gari."

"Barabara ilikuwa mbovu?"

"Barabara ni nzuri. Ukuta umesimama."

Nilitaka kusema ya bomba, nikawa natafuta pa kuanzia. Na wakati huo, kutoka bondeni, ule mngurumo ukaanza. Ulipanda, ukapanda, ukajaa chumba, halafu ukakatika. Kimya. Ukaanza tena, ukapanda, ukakatika palepale. Mara ya tatu.

Mama aligeuza sikio kwenye dirisha. Masikio yake hayajapungua kitu.

"Ni gari gani hilo?"

"Ndilo tulilokuja nalo, mama. Limebeba saruji."

"Liko wapi?"

"Kona ya Fundi."

Likanguruma mara ya nne, likazima. Mama akashusha mkono, akamgusa Eli kwenye paji la uso, akaukalisha pale.

"Huyu hapa Eli," akasema. "Nimemshika. Sasa huko chini anayegoma ni nani?"

Shangazi Ruthi aliinama akaanza kukunja khanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Saruji iliishia kupandishwa vichwani, na mchele pia. Chidi alirudisha gari kinyumenyume hadi kijiji cha chini, na baadaye nilisikia kwamba wale vijana wa filimbi hawakumpigia makofi.

Makaburini palikuwa na watu wengi. Mchungaji alimaliza sehemu yake, akampa baba mdogo Zakaria nafasi ya neno la familia. Yeye hakuwa chumbani kwa mama. Alisema vizuri juu ya Eli, kazi yake, ukuta wake. Kisha akasema: "Kama mlivyosikia, marehemu alitupa mtihani pale kwenye kona. Tunamwomba, kama kuna mtu alimkosea..."

"Hapana, baba mdogo."

Hata mimi nilishangaa kusikia sauti ile. Ilikuwa yangu, na ilikuwa kubwa, sauti ya mtu aliyekaa siku mbili karibu na bomba. Nikasema Eli hakumgomea mtu. Nikasema walibadilisha bomba la moshi ili gari lilie, likapata mlio likakosa nguvu, na walioambiwa Same hawakusikia. Nikasema tumembeba kwa mabega mtu aliyetujengea barabara, na sasa tunataka kumbebesha na lawama. Nikasema gari limegoma mara nne yeye akiwa ameshafika kwa mama yake, na wote tumelisikia. Basi, ndiyo hayo mliyosikia.

Baba mdogo alisimama na Biblia mkononi. Si mtu wa kukatwa kauli na mtoto wa kike wa ndugu yake. Nilingoja anifukuze.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti ukingoni mwa kaburi. "Zakaria," akaita. "Sema kama alivyosema."

Baba mdogo aliangalia udongo. Akasafisha koo.

"Marehemu hakugoma," akasema. "Gari ndilo lilishindwa."

"Kwa sauti," mama akasema. "Wa kule nyuma wasikie."